Mbona Broughton aliitwa Sir na Erroll akaitwa Lodi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, naishi Ngong. Nikipita na wanafunzi njia ya Karen huwa nawasimulia mauaji ya 1941, yale ambayo Sir Broughton alishtakiwa kumuua Lodi Erroll kisha mahakama ikamwachilia. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: kama wote wawili walikuwa makabaila wa Kizungu, mbona mmoja ni Sir na mwingine ni Lodi? Nilipokwenda kusoma ndipo nikazidi kuchanganyikiwa. Erroll aliacha binti mmoja tu, na binti huyo akarithi cheo. Mwana wa Broughton naye aliacha mabinti watatu, lakini cheo kikawaruka kikaenda kwa jamaa wa mbali. Hii ni sheria moja au mbili? Tena jirani yangu ameona tangazo linalouza cheo cha Lodi pamoja na kipande kidogo cha ardhi Scotland. Ni kweli hiyo?

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi, na mpe huyo binti salamu za pekee, maana ameona jambo ambalo hata watu wazima wanaoandika habari za Happy Valley, lile kundi la walowezi matajiri wa Kizungu wa Kenya ya kikoloni, hulikosea kila siku.

Broughton hakuwa Lodi. Hakuwa yeye, wala baba yake, wala babu yake. Alikuwa baroneti, na baroneti ana “Sir” ya kurithi basi, hana zaidi. Malodi wa kurithi wana ngazi tano, juu kabisa Diuki na chini kabisa Baroni, na zamani kila mmoja wao akirithi cheo Uingereza alirithi na kiti katika Baraza la Malodi, lile baraza la juu la bunge. Baroneti yuko chini ya ngazi hizo zote. Mbele ya sheria ni raia kama muuza samaki. Akitaka kuingia bungeni, agombee. Hao ndio wale wenye mashamba na majumba makubwa ya vijijini ambao Uingereza iliwategemea kwa karne nyingi kuamua kesi ndogo, kukusanya kodi na kutoa wabunge, bila kuwahesabu kuwa Malodi. Ukiwaita makabaila hutakuwa umekosea sana kwa Kiswahili chetu, ila wenyewe wangekusahihisha haraka.

Kabla sijaenda mbali, kuna kosa dogo katika barua yako. Hakuna “Sir Broughton.” “Sir” hushikana na jina la mtu mwenyewe, si la ukoo: Sir Henry, au Sir Jock kama marafiki walivyomwita, kisha Delves Broughton ndipo lifuate. Mke wake ndiye hushika jina la ukoo: Lady Broughton. Lodi ni kinyume chake. Josslyn Hay alipokuja Kenya 1924 alikuwa Josslyn Hay tu. Baba yake alipofariki 1928, akawa Erli (mojawapo ya zile ngazi tano) wa Erroll, wa 22 katika orodha, na tangu siku hiyo hadi anakufa watu walimwita Lodi Erroll, kamwe si Lodi Josslyn. Mwambie huyo binti kwamba akiona “Sir” imebandikwa moja kwa moja kwenye jina la ukoo, ajue mwandishi amebahatisha.

Sasa kuna “Sir” mbili, na hapa ndipo sisi wa huku hupotea, kwa sababu tuliyoizoea ni ile nyingine. Sir Ali bin Salim, liwali wa Mombasa. Sir Apolo Kagwa, katikiro wa Buganda. Sultani Sir Khalifa bin Harub wa Unguja. Hao wote walipewa “Sir” na mfalme kwa utumishi wao, na “Sir” hiyo ilizikwa nao. Mtoto wa Sir Ali hakuwa Sir kwa sababu ya baba. Hiyo ni ya naiti. Ya baroneti haizikwi. Baba akikata roho saa nane usiku, saa hiyohiyo mwana ni Sir, hata kama yuko safarini na habari haijamfikia. Hakuna kutawazwa wala kuapishwa. Jock Delves Broughton alifariki Liverpool Desemba 1942, miezi michache tu baada ya kurudi kutoka Kenya, na papo hapo mwanawe Evelyn akawa Sir Evelyn, baroneti wa 12.

Cheo chenyewe kilianza kama biashara. Mwaka 1611 Mfalme James I alikuwa na deni na alikuwa na jeshi la kulisha Ulster, kaskazini mwa Ireland. Akabuni ubaroneti, akauuza. Masharti: uwe na shamba linalokuingizia paundi 1,000 kwa mwaka, babu yako mzaa baba awe mtu mwenye nembo ya ukoo, na ulipe paundi 1,095. Bei hiyo ya ajabu ina hesabu yake, na nakuomba uipige ubaoni mbele ya darasa. Askari mmoja alilipwa peni 8 kwa siku. Baroneti mpya alitakiwa kugharimia askari 30. Thelathini mara nane ni peni 240, na paundi ya zamani ilikuwa na peni 240 kamili, kwa hiyo ni paundi moja kwa siku. Agharimie miaka mitatu. Siku 365 mara tatu ni 1,095. Ndiyo maana mpaka leo mabaroneti wa Kiingereza huweka mkono mwekundu wa Ulster kwenye nembo zao. Wengine huuonea fahari sana, na mimi kila nikiuona nakumbuka risiti.

Akina Broughton hawakuwa wa kundi hilo la kwanza. Wao walikuwa watu wa Broughton, kijiji cha Staffordshire, na hati yao ni ya Machi 1661, Mfalme Charles II akiwa hajamaliza hata mwaka mmoja tangu arejee kutoka uhamishoni na akigawa vyeo kwa mikono miwili. Aliyepewa aliitwa Brian Broughton. Hati hiyo ndiyo jibu la swali lako, mwalimu. Hati za aina hiyo hutaja anayepewa cheo, kisha husema cheo kitakwenda kwa nani baada yake: kwa warithi wa kiume waliotoka kiunoni mwake. Maneno machache hayo, yaliyoandikwa na karani wa mfalme, yanaendesha kila kitu kilichofuata. Mfalme anayekuja hawezi kuyafuta kwa kupenda kwake, mwenye cheo hawezi kuyabadili kwa wosia, na wanafamilia wote wakikaa kikao wakakubaliana kwa kauli moja, bado hawana la kufanya.

Yasome polepole. “Warithi wa kiume” maana yake si mtoto wa kiume tu, bali mwanamume aliyeunganishwa na Brian wa kwanza kwa mlolongo wa wanaume watupu. Mjukuu aliyezaliwa na binti hafai, hata awe mwanamume, kwa kuwa mnyororo umekatika kwa mama yake. Watu wa pwani hawatapata shida hapa, kwa sababu usharifu nao hufuata baba: sharifa akiolewa na asiye sharifu, watoto wake hawahesabiwi masharifu. Tofauti ni kwamba sharifu huwaachia watoto wake wote usharifu kwa pamoja, wa kike na wa kiume, ilhali baroneti huacha “Sir” moja tu, ikachukuliwa na kifungua mimba wa kiume. Wadogo zake ni mabwana wa kawaida, na dada zake hawana hata kiambishi mbele ya jina.

Ukitaka kuona maneno hayo yakifanya kazi, tazama jina lenyewe la familia hii. Delves si jina la Broughton. Ni ukoo mwingine kabisa, wa Doddington, Cheshire, wa zamani kuliko wao. Delves mmoja alikuwa mpambe wa Sir James Audley katika vita vya Poitiers, Ufaransa, mwaka 1356, na pale Doddington umesalia mnara wa mawe wenye sanamu za Audley na wapambe wake. Akina Delves walipata ubaroneti wao 1621. Mwaka 1727 baroneti wa nne akafariki bila mwana. Alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa ameolewa na Broughton. Basi ardhi ya Doddington ikapita kwa binti ikaingia kwa akina Broughton, na jina la Delves likabebwa likashonwa mbele ya jina lao. “Sir” ya Delves je? Ikafa siku hiyohiyo, haikupita popote. Shamba lilipita kwa mwanamke, na jina vilevile. Cheo hakikuweza, na hapakuwa na mwanamume mwingine wa kukipokea.

Shika kisa hicho cha 1727 mkononi, kisha njoo nacho hadi 1993.

Sir Evelyn alikuwa na mabinti watatu na mwana mmoja. Mwana huyo alikufa maji mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka miwili, nyumbani kwao. Binti mkubwa alikuja kuwa maarufu kwa jina la Isabella Blow, yule mhariri wa mitindo wa London aliyewainua mbunifu wa mavazi Alexander McQueen na mshona kofia Philip Treacy, na ambaye hakuonekana hadharani bila kofia ya kustaajabisha. Alilisimulia jambo la mdogo wake waziwazi kwa waandishi maisha yake yote, mpaka alipofariki 2007. Baba yao alipokufa 1993, hakuna aliyeuliza nani alikuwa karibu naye zaidi. Ilibidi kupanda mti wa ukoo vizazi kadhaa nyuma, hadi kwenye tawi la wanaume ambalo halijakatika, kisha kushuka nalo mpaka kwa aliye hai. Jamaa huyo ndiye akawa baroneti wa 13. Mabinti hawakunyang’anywa cheo, kwa sababu kwa maneno ya 1661 hawakuwa kwenye foleni tangu kuzaliwa. Mali ni habari nyingine: yenyewe ilifuata wosia.

Kwa hiyo, kuhusu sheria moja au mbili: kwa akina Broughton ni ileile moja, tangu mwanzo. Kwa Erroll ni nyingine, na si kwa sababu Erli ni mkubwa kuliko baroneti. Ni kwa sababu cheo chake ni cha Scotland. Vyeo vingi vya kale vya Scotland huruhusu mwanamke kurithi pale ambapo hakuna mwana, na cha Erroll, kilichoanza karne ya 15, ni mojawapo. Erroll alipigwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, na gari lake la Buick likakutwa na vijana Waafrika wa gari la maziwa likiwa limeinamia shimo la murram karibu na njia panda ya Karen na Ngong. Binti yake, Diana Hay, alikuwa Uingereza. Alikuwa ametimiza miaka 15 mwezi huohuo. Asubuhi hiyo alikuwa Kauntesi (yaani Erli wa kike) wa Erroll, wa 23, na pamoja na cheo akarithi ukonstebo mkuu wa Scotland, kazi ya heshima ambayo ukoo wake umeishika tangu enzi za kati.

Lakini Erroll hakuwa na cheo kimoja. Alikuwa pia Baroni Kilmarnock, cheo kilichotolewa 1831 kwa maneno yale yale ya wanaume watupu. Binti hakukigusa. Kilikwenda kwa Gilbert, mdogo wake Erroll, ambaye mwaka uleule aliacha jina la Hay akajiita Boyd, jina la kale la mabwana wa Kilmarnock. Nakushauri, mwalimu, chora hilo ubaoni, kwa sababu sijapata mfano bora wa kufundishia: mtu mmoja, usiku mmoja, risasi moja, na vyeo viwili vikaachana njia panda, kimoja kikamfuata binti na kingine kikamfuata ndugu. Kila kimoja kilisoma karatasi yake.

Na kama kuna mwanafunzi atakayekuuliza kuhusu Diana mwingine, mke wa Jock, huyo ni somo jingine zuri. Aliolewa na Jock Durban, Novemba 1940, akawa Lady Broughton. Jock alipokufa aliolewa mapema 1943 na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa Naivasha asiyekuwa na cheo chochote, akawa Bibi Colvile. Mwaka 1955 akaolewa na Delamere wa nne, akawa Lady Delamere mpaka alipofariki 1987. Watu wa Naivasha walimwita Lady mara zote mbili kwa neno lilelile, lakini ile ya kwanza ilikuwa ya mke wa baroneti na ya pili ya mke wa Lodi kamili. Delamere nao ni watu wa Cheshire, wa Vale Royal, kaunti moja na Doddington. Walikuwa wenye mashamba tu wa vijijini kama Broughton mpaka 1821 walipopandishwa kuwa Mabaroni. Mtu angeweza kutoka Cheshire kwa meli, ashuke Mombasa, apande gari moshi, na bado akajikuta mezani na majirani wa babu yake.

Swali hukuliuliza, ila najua litakuja: inakuwaje ikiwa mtoto si wa baba? Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu, na sheria ya Kiingereza kwa muda mrefu ilikuwa na mawazo hayohayo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huchukuliwa kuwa wa mume mpaka ithibitike vingine. Shida ni kwamba siku hizi inathibitika. Mwaka 2016 Privy Council, baraza la mfalme lenye majaji wake, jijini London ilipokea kesi ya ubaroneti wa akina Pringle wa Stichill, cheo cha Scotland cha 1683. Vipimo vya DNA vilionyesha kwamba baroneti wa tisa hakuwa damu ya wa nane. Huyo wa tisa alikuwa amekwisha kufa zamani, na wazao wake walikuwa wamebeba “Sir” kwa miongo kadhaa. Majaji wakaukubali ushahidi huo, na cheo kikahamia tawi jingine. Nadhani familia nyingi za aina hiyo hazikulala usingizi mzuri wiki hiyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi kuoana, naye, sheria ya 1926 ilimhalalisha katika mambo mengi wakioana baadaye, lakini vyeo ikaviacha nje kwa makusudi. Mtoto wa kulea vilevile hapati.

Kwa sababu hiyo, tangu 1910 kuna daftari rasmi la mabaroneti, lililoanzishwa kwa amri ya Mfalme Edward VII, aliyechoshwa na watu waliojibandika “Sir” bila uthibitisho. Mrithi hupeleka vyeti: cha kuzaliwa kwake, cha ndoa ya wazazi, cha kifo cha aliyemtangulia, kiungo kwa kiungo. Asipoandikwa humo, serikali haimwiti Sir katika barua zake. Baadhi hawajisumbui. Lodi anaweza kukikana cheo chake kisheria, tangu 1963, kama alivyofanya Tony Benn ili abaki mbunge wa kuchaguliwa. Baroneti hana mlango huo. Anachoweza ni kunyamaza tu, asipeleke vyeti, ajiite Bwana fulani.

Ardhi nayo nisiiache, maana barua yako inadokeza kwamba cheo na shamba ni kitu kimoja. Zamani familia hizi zilifunga ardhi kwa mikataba ya ukoo, ili mwenye zamu awe kama mpangaji wa maisha yake tu, asiuze. Sheria ya 1882 ikampa mwenye zamu ruhusa ya kuuza, mradi fedha zibaki katika amana ya ukoo. Jock alirithi Doddington 1914, eneo kubwa lenye jumba lililochorwa na Samuel Wyatt mwishoni mwa karne ya 18, na kati ya vita viwili vya dunia sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliuzwa. Alipopanda meli kuja Afrika 1940, “Sir” ilikuwa nzima kama alivyoipokea, mashamba yamebaki machache. Shamba huliwa, linachezewa kamari, linapigwa mnada. “Sir” huwezi kuiuza hata ukiwa na njaa.

Hapo ndipo tangazo la jirani yako linapoingia. Mfalme James aliuza vyeo mchana kweupe, lakini tangu 1925 kuuza heshima za serikali ni kosa la jinai Uingereza. Sheria hiyo ilitungwa baada ya kashfa za enzi ya waziri mkuu Lloyd George, ambapo kila cheo kilikuwa na bei yake. Wanaouza vipande vya Scotland, vingine vya ukubwa wa kitambaa cha meza, wanauza zawadi ya kumbukumbu. Neno wanalolichezea ni “laird,” ambalo kwa Kiskoti ni mwenye shamba tu, si Lodi, na ofisi ya nembo ya Scotland ilishasema bayana kwamba kipande cha kumbukumbu hakimpi mtu haki hata ya kujiita hivyo. Zaidi ya hapo, viwanja vya namna hiyo haviandikishwi katika masjala ya ardhi ya Scotland, kwa hiyo jirani hatapata hata hati ya hicho kipande chenyewe. Atapata cheti kizuri chenye utepe. Kama anakitaka cha kutundika sebuleni, hakuna ubaya, ila asikipeleke uhamiaji kubadilisha jina kwenye pasipoti.